Mbwa Aliyelipiwa Kuku

Mimi si mtu wa mbwa. Nasema mapema ili mtu asije akafikiri naandika haya kwa mapenzi. Nimezaliwa Voi, naitwa Mama Ngui, nauza mitumba soko la Voi, na kwa maoni yangu mbwa ni mnyama wa nje, kazi yake kubweka, chakula chake makombo. Lakini chumba changu na cha Koki Ndeti vimetenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, na watu wakiishi hivyo miaka na miaka mambo ya mmoja yanakuwa ya mwingine, apende asipende.

Koki ni mwanamke wa makamo, mrefu, mikono yake mikubwa na imechakaa kwa sabuni. Anafua mashuka ya lojing moja, nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, pale malori yanayotoka Mombasa yanapopumzika. Baba yake alikuwa mtu wa reli ya zamani, kwa hiyo Koki alikulia kwenye landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi, na mzee alipostaafu wakatolewa. Aliolewa upande wa Kibwezi. Mume akafariki, ndugu za mume wakamtoa. Akarudi Voi kupanga chumba. Hakujaliwa mtoto. Habari hizi hazitoi ovyo, na akizitoa hutumia sauti ya mtu anayetangaza kwamba kesho maji yatakatwa.

Ana tabia moja iliyonichosha tangu siku ya kwanza. Hapokei kitu cha mtu. Ukimpelekea sukuma wiki jioni, asubuhi utakuta nyanya mlangoni kwako. Yeye akikupa chake hataki urudishe, na ukijaribu atakasirika. Nilimwambia mara moja kwamba mkono mmoja haulei mwana, na huo wake ni wa kutoa tu, hauna mwenzake wa kupokea. Akanijibu kwamba hajaomba mtu amlelee mwana.

Mbwa mwenyewe alimkuta nyuma ya lojing, chini ya trela lililokufa zamani na kuota nyasi. Alikuwa wa rangi ya udongo, mbavu nje, na shingoni alikuwa na waya wa mtego uliokwisha kuzama kwenye nyama. Watu wa malori walisema ni mbwa wa wawindaji wa digidigi, kwamba askari wa wanyama waliwavamia porini, wenyewe wakakimbia wakamwacha amefungwa. Wengine walisema alinaswa mtegoni akiwinda mwenyewe. Hakuna aliyejua. Kilichojulikana ni kwamba ukiinua mkono kujikuna kichwa, mbwa yule alijikojolea. Ukiwasha tochi ya simu alitetemeka mpaka meno yakagongana. Hakubweka, hakulia, hata akipigwa jiwe.

Koki hakumwita. Aliweka ugali na supu ya mifupa kwenye kifuniko cha sufuria, akampa mgongo, akaendelea kufua. Kila siku kifuniko kilisogea kidogo kuelekea karai lake. Madereva walikuwa wakimcheka wakisema huyo ni bosi wake, maana anamwandalia kabla hajala mwenyewe, na jina likabaki hapo: Bosi. Ilichukua kiangazi kizima. Siku moja Bosi akalala kando ya karai, na siku iliyofuata Koki akamleta daktari wa mifugo na koleo lake. Koki mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa waya ulipokatwa. Mbwa alimuuma mkono, meno yakaingia, na Koki hakuachia. Kovu analo hadi leo. Akamleta nyumbani siku hiyo hiyo, mwenyewe amefungwa bandeji, mbwa amefungwa bandeji.

Ploti yetu ni ya Mzee Kiilu, mtu wa Machakos aliyekuja Voi na duka moja na sasa ana nyumba za kupangisha tatu. Si mtu mbaya. Lakini mbwa hataki, na alisema hivyo tangu tunaingia.

"Ni wa muda tu, mzee," Koki alimwambia. "Namtafutia kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Ndiyo natafuta."

Mzee Kiilu alicheka, akampa nafasi. Sisi wapangaji wengine tukamtania Koki kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu wake hata panya hakamati. Bosi alikaa chini ya kitanda cha Koki mchana kutwa. Akimsikia Koki anarudi alitoa pua mlangoni, pua peke yake. Mimi nilikuwa nikipita na beseni langu nikasema, "Habari ya mchana, Bosi," kwa kejeli, na pua ikarudi ndani.

Mtu wa kwanza kumchukua alikuwa Maundu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka mlinzi. Alikuja na pesa mkononi, Koki akazikataa. "Simuuzi," alisema. "Namtafutia mahali. Ukae naye vizuri, basi." Maundu akaona amepata bahati. Sasa, kuna watu huku kwetu wanaoamini kwamba mbwa hazaliwi mkali, anapikwa. Unamfungia gizani mchana asizoee watu, unamtilia pilipili kwenye chakula, na akitoka usiku anataka kumla mtu. Maundu ni mmoja wao. Akamfungia Bosi stoo, kati ya mifuko ya simiti, na pilipili akamtilia kwa mkono usio na uchoyo. Bosi hakuwa mkali. Alichimba chini ya mabati akatoka, akaja ploti akiwa mweupe kwa vumbi la simiti, macho yamevimba. Koki alimwosha, kisha akaenda dukani kwa Maundu. Maneno aliyomwambia sitayaandika, mimi ni mtu wa kanisa.

Wa pili alikuwa mwalimu Lynn, wa Mwatate. Huyu siwezi kumsema vibaya. Ana nyumba yenye ua, hana kelele, hana watoto wadogo, na alikuwa akiongea na Bosi kwa sauti ya chini kama anayezungumza na mgonjwa. Alitaka kumpa Koki gunia la mahindi ya shambani kwao kama asante. Koki akakataa hata debe moja. Alichofanya ni kumwachia mwalimu leso yake kuukuu amtandikie Bosi, kisha kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akienda Mwatate kumwona, na maini kwenye karatasi. Nilimuuliza kama mtu akishaozesha binti anaenda kulala kwa mkwe kila wiki. Akasema mbwa si binti.

Siku moja ya katikati ya juma tulimkuta Bosi amelala mbele ya geti letu. Alikuwa ametembea kutoka Mwatate mpaka Voi kwa kufuata barabara ya magari makubwa, nyayo zimechubuka zinatoa damu, mguu mmoja umegongwa. Mwalimu Lynn alipiga simu analia. Koki alimwambia asilie, atamrudisha akipona. Mwalimu akasema hapana. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nami nilikuwa pale mlangoni, nikasikia mwenyewe.

"Mama, mimi nampenda," mwalimu alisema. "Lakini huyu mbwa hajakaa kwangu hata siku moja. Alikuwa anangoja Jumapili tu."

Koki alikata simu akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Mimi nilifikiri, na nilichofikiri hakingempendeza mtu yeyote anayempenda Koki, nami ni mmoja wao ingawa sisemi.

Kisha mambo yakaharibika. Mtoto wa mpangaji mmoja, mdogo wa kutambaa, aliingia chumbani kwa Koki akamshika Bosi mkia. Bosi akageuka, akararua nguo. Mwili hakuugusa, lakini kilio kilijaza ploti na mama wa mtoto akaita watu. Mzee Kiilu alikuja na fimbo yake. Alimsikiliza mama, akamsikiliza Koki, kisha akasema mwezi ukiisha mbwa awe ameondoka. Asipoondoka, ataweka nyama yenye sumu getini kama walivyowekewa wale mbwa wa kule sokoni.

"Na mimi nikiondoka naye?" Koki aliuliza.

"Uende wapi, Koki? Nani atakupangisha na mbwa anayerarua watoto?"

Hakuwa amesema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Koki aliuliza vyumba huku na huku, na kila mwenye nyumba alitaka kujua kwanza kama habari ya yule mtoto ni ya kweli. Kazini alianza kukosea, akarudisha mashuka yana madoa. Nikakasirika. Nilimkasirikia Kiilu, nikamkasirikia mama wa mtoto, na zaidi nilimkasirikia yule mbwa kwa kulala chini ya kitanda na macho yake makubwa bila kujua kwamba maisha yake yanapimwa kwa kalenda ya ukutani.

Priscilla nilimpata mimi. Ni mama wa Makwasinyi, kule chini ya mlima wa Kasigau, huleta pojo na nyanya sokoni siku za soko na anakaa jirani na rundo langu la masweta. Siku ile nilikuwa nikilalamika tu kama kawaida yangu, kwamba jirani yangu ana mbwa asiye na faida duniani, anayemkimbia hata jogoo. Priscilla akaacha kupanga nyanya.

"Anabweka?"

"Hajui hata inavyoanza."

"Akiogopa anafanya nini?"

"Anaingia chini ya kitanda. Ukimtoa anarudi."

"Huyo ndiye ninayemtafuta," Priscilla akasema. "Usimpe mtu mwingine."

Nilidhani ananitania. Kumbe walikuwa na mbwa hapo awali, hodari, anayebweka kila kitu. Ndovu walipoingia mahindi mbwa yule aliwaendea mbio. Ndovu mmoja akamfukuza, na mbwa akifukuzwa hukimbilia wapi kama si kwa mwenye kumlisha? Akaja mpaka mlangoni na ndovu nyuma yake. Ukuta wa jikoni ukaanguka ukamwangukia mume wa Priscilla, Mzee Mwandawiro, na mguu wake haukurudi kuwa mguu. Mbwa alipona.

"Mimi sitaki shujaa tena," Priscilla alisema. "Nataka mwoga. Anayenusa ndovu kabla sijasikia, ananyamaza, anaingia ndani. Nikimwona chini ya kitanda najua hakuna kutoka. Si mnasema kwa mwoga huenda kicheko?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia mtu akiagiza mwoga kama anavyoagizwa mbegu bora. Nilimpelekea Koki habari hiyo jioni. Alisikiliza, akauliza kama kuna watoto. Wamekua, wako Mombasa. Akauliza kama kuna stoo. Nikamwambia sijui, twende aone. Ndipo akanishika mkono akaomba nimsindikize. Koki kuomba. Nilifunga biashara siku nzima kwa sababu ya neno hilo moja.

Tulikwenda na pikapu iliyokuwa ikirudi Makwasinyi na mabati. Koki alikaa nyuma, Bosi katikati ya miguu yake amefunikwa leso kichwani asione njia. Tulifika jua likiwa juu. Boma la Priscilla ni la nyumba mbili na jiko jipya la matofali, shamba la pojo linaanzia ukutani na mlima unaonekana karibu kiasi cha kumsikia mtu akikohoa huko juu. Mzee Mwandawiro alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mkongojo magotini. Hakumwita mbwa. Hakumtazama. Alisema tu, "Mwacheni achague," akaendelea kupukuchua mahindi.

Bosi alisimama pale alipowekwa kwa muda mrefu sana. Kisha akapita kando ya ukuta, tumbo chini, akaingia nyumbani kwa watu bila hodi, na tulipochungulia alikuwa chini ya kitanda cha Priscilla. Priscilla alitabasamu. Koki pia alitabasamu, lakini tabasamu la Koki nililitilia shaka.

Tukala pojo na wali. Baada ya kula Priscilla alitoka, akarudi na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu kwa kitambaa, akampa Koki kwa mikono miwili.

"Huyu ni wako."

"Asante, dada, lakini sichukui kitu," Koki alisema. "Simuuzi mbwa."

"Najua humuuzi. Chukua."

"Hapana. Kaeni naye vizuri, inatosha."

Priscilla alimshusha kuku chini, akajifuta mikono. "Basi, mkimaliza chai mwende naye."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Koki pia alimtazama.

"Hapa nyumbani mbwa hachukuliwi bure," Priscilla akasema, taratibu, bila hasira. "Ndivyo tulivyolelewa. Mbwa wa bure hajatoka kwa mwenyewe. Hata ukimfunga, mwenyewe bado amemshika upande wa pili wa kamba. Jirani yako ameniambia wapo waliomchukua kwanza. Walikupa nini?"

"Hakuna. Walitaka kunipa. Nilikataa."

"Na mbwa akarudi."

"Alirudi kwa sababu ya pilipili," Koki akasema. "Yule alimtilia pilipili."

"Na wa pili?"

Koki alimtazama kuku pale chini. Mimi niliangalia mlima. Mama yangu naye alikuwa na neno kama hilo la mbwa wa bure, na nilikuwa nimelisahau, au nilikuwa nimeliweka pamoja na mambo mengine ya wazee ambayo mjini hayana kazi.

Mzee Mwandawiro akamwambia Koki kutoka kwenye kiti chake, "Mama, mimi hayo ya kamba sijui. Mimi nauliza hivi. Kesho mbwa huyu akala kuku wa jirani, jirani amlaumu nani? Akiugua, nani anauza mbuzi amtibu? Kama ni mimi, basi ni wangu. Kama ni wewe, tuseme sasa, ili nijue nakulelea tu."

Hapo nilimwona Koki akibadilika uso. Namjua mwanamke huyu. Nimemwona akizika shangazi yake bila kutoa chozi. Alikaa na mikono mapajani, viganja juu, na ni kama alikuwa anaitazama hiyo mikono kwa mara ya kwanza. Nikaelewa kitu ambacho nadhani yeye alikuwa amekielewa tangu ile simu ya mwalimu. Mahindi ya Lynn aliyakataa, pesa za Maundu alizikataa, na tuliita hiyo utu wema. Kumbe kila mara alikuwa ameacha mlango wazi mbwa apate pa kurudi. Alimtafutia Bosi nyumba kwa moyo wote, na moyo huo huo haukutaka aipate.

"Nikitaka kuja kumwona?" aliuliza.

"Utakuja kutuona sisi," Priscilla akasema. "Karibu wakati wowote baada ya mvua. Lakini si Jumapili hii, wala hiyo nyingine."

"Na asipokula?"

"Atakula kwangu au hatakula kwangu. Kwako hatakula tena."

Maneno makali, ningemjibu mimi kama ningekuwa Koki. Koki aliinama akamwokota kuku. Alimshika vibaya, kichwa chini, Mkamba mzima, na kushika kuku hajui. Priscilla akamwonyesha, kisha akaongeza jambo moja. Kuku huyo si wa kufuga. Ni wa kuliwa. "Ukimfuga umeweka amana tu, na amana hurudishwa."

Hatukumuaga Bosi. Mzee Mwandawiro alisema afadhali tusimuage, na alikuwa na haki. Tulipokuwa tukipanda gari Koki aligeuka kuangalia mlango wa nyumba. Hakuna pua iliyotokea.

Nyumbani, kuku alifungwa kwenye mguu wa kitanda, akapewa mahindi yaliyosagwa na maji kwenye kifuniko. Siku ya kwanza Koki alisema amechoka, atamchinja kesho. Kesho alisema kuku amekonda kwa safari, acha anenepe. Mzee Kiilu alipita akamwona, akauliza, "Koki, umetoa mbwa umeleta kuku? Wewe mwezi ujao utaniletea ng'ombe." Ploti nzima ikacheka na Koki akacheka kidogo. Kuku akaendelea kunenepa. Alinenepa mpaka akawa ananitazama mimi kwa dharau.

Priscilla alinipigia simu juma lilipokuwa linaisha. Nilitoka nje, nikamwita Koki, nikaweka sauti kubwa. Ndovu walikuja, Priscilla alisema. Kabla mtu hajasikia tawi likivunjika, Bosi alitambaa kutoka sebuleni akapita chini ya kitanda mpaka ukutani kabisa. Walifunga mlango wakakaa kimya. Asubuhi waliona nyayo hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na Mzee Mwandawiro alizitazama nyayo zile kwa muda, akasema mbwa huyu amelipa kuku wake na zaidi.

"Lakini hali chakula," Priscilla akasema. "Tangu mmwache. Anakunywa maji tu. Mchana anatoka analala njiani, pale gari lilipogeukia, anaangalia upande wa kwenu. Amebaki ngozi."

Koki akaisogelea simu.

"Dada Koki, nakuuliza. Yule kuku umemla?"

Ndani, kuku alisikika akidonoa kifuniko chake.

"Bado," Koki alisema.

"Mle, mama. Tafadhali mle."

Mimi siamini kwamba kuku aliye Voi anaweza kumfunga mdomo mbwa aliye Makwasinyi. Niseme hivyo waziwazi. Mbwa akiachwa na mtu aliyemzoea hugoma kula, na njaa ikimzidi hula, kuku awepo asiwepo. Nilimwambia Koki hivyo hivyo, nikitaka kumpunguzia. Akanijibu kwamba anajua. Kisha akaingia ndani, akatoka na kuku kwapani na kisu mkononi, akanipa vyote viwili.

"Mama Ngui, nichinjie," alisema. "Mimi sitaweza."

Nilimchinja nyuma ya bafu. Nilimnyonyoa, nikamkata, tukampika kwa jiko langu na vitunguu na nyanya za Priscilla mwenyewe. Tulikula chumbani kwa Koki, kwa sababu alisema hapo ndipo panapofaa, yeye kitandani na mimi kwenye kiti. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, kuku wa kienyeji ndivyo alivyo. Koki alikula polepole bila kusimama. Alikula mguu, akala kidari, akala shingo, na machozi yalikuwa yakimtoka wakati wote huo, yanaingia kwenye mchuzi, na hakuyafuta. Nami nililia, sioni haya kusema. Mbwa simpendi hadi leo. Koki nampenda.

Keshokutwa yake Priscilla alipiga kusema Bosi amekula ugali na mchuzi wa omena, wale dagaa, ameramba sahani, na njiani hakwenda tena. Yuko huko mpaka sasa, mwoga vilevile, amenenepa. Koki alienda kuwaona baada ya mvua, akakaa kutwa, akarudi na pojo ambazo alizipokea na hakurudisha kitu. Lakini mimi nikimfikiria nakumbuka ile jioni ya kuku zaidi ya siku nyingine yoyote. Tulipomaliza kula alikusanya mifupa yote kwenye sahani moja, yake na yangu, akaichagua, ile midogo inayokwama kooni akaitoa pembeni. Akainama na sahani mpaka karibu na sakafu, pale chini ya kitanda. Akabaki hivyo ameinama.

Nikainuka nikaichukua sahani mkononi mwake, nikaenda kuitupa mifupa.